Seli Iliyokaliwa

Mimi ni fundi makochi. Miaka thelathini na moja nimekaa chini, na wengine wamekaa juu ya kazi yangu. Silalamikii hilo, ndiyo kazi yenyewe. Lakini kuna siku mtu alikaa mahali ambapo hakutakiwa kukaa, na habari hiyo nataka kuieleza mwenyewe, kwa sababu mkuu wa shule ameshaieleza kwa namna yake kila anakopita, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Shule niliishia darasa la tano. Nasema mapema ili msomi asije akadai kwamba fundi anajitia kujua. Yote nitakayosema kuhusu seli nimeambiwa na binti yangu. Yeye aliambiwa na mwalimu wake wa biolojia, na mwalimu aliziona kwenye hadubini alipokuwa chuoni. Si shuleni kwetu. Shuleni kwetu hadubini ipo, tena nzuri. Ipo ndani ya boksi, boksi lipo kwenye kabati ofisini kwa mkuu, na ufunguo unaning'inia kiunoni mwake. Siku za wageni hutolewa, ikapanguswa vumbi, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Wageni wakiondoka inarudi kulala.

Binti yangu tunamwita Kifungo. Jina alimpa mama yake, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha kochi la mteja. Tulikisubiri siku mbili. Kilipotoka nikakiosha kwa sabuni mara tatu, nikakishona mahali pake, kwa kuwa vya rangi ile vilikuwa vimeisha. Mke wangu alicheka wiki nzima. "Siku mwenye kochi akijua anaegemea nini!" Nami nikikumbuka hucheka kidogo, halafu naacha. Kucheka peke yako ndani ya nyumba si kucheka.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Ilianza kama uvimbe chini ya kwapa. Hospitali wakamkata kinyama kidogo, kama punje ya mchele, wakasema kitawekwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, ijulikane seli zake ni nzuri au mbaya, ndipo tiba ianze. Kuangalia tu. Lakini hospitali nzima mwenye kuangalia alikuwa mmoja, naye alikuwa amepelekwa semina. Aliporudi, taa ya hadubini ilikuwa imeungua. Taa ikaagizwa, ikaja ya aina nyingine. Miezi minne na nusu tulikaa kwenye benchi la korido, mbao tupu, mgongo hauna pa kuegemea. Mimi, fundi makochi, nikawa nambebea mke wangu mto kwapani kila tulipokwenda. Mganga mkuu alikuwa na kiti cha ngozi cha kuzunguka. Nakijua, nilikibadilisha sponji kwa mikono yangu.

Kila tulipoambiwa "njooni wiki ijayo" nilisema, "Asante, daktari." Asante! Nikivua na kofia. Majibu yalitoka siku kumi na moja baada ya mazishi.

Kifungo alikuwa anakaa nasi kwenye benchi lile akitoka shule. Siku moja aliniuliza, "Baba, hivi ni kuangalia tu? Kuangalia kioo ndiko kunachukua miezi yote hii?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi mimi nitakuwa naangalia."

Nilidhani ni maneno ya mtoto. Kumbe alikuwa ameshaamua.

Sasa mwaka huu ikatangazwa kwamba kuna shule mpya ya sayansi, ya bweni, yenye maabara ambayo wanafunzi wenyewe wanaingia na kushika vitu. Kila shule ingetoa mwanafunzi mmoja tu, na atakayechaguliwa ni yule ambaye mradi wake utapata alama za juu siku ya maonyesho. Mmoja tu. Kifungo aliileta habari hiyo akiwa bado na begi mgongoni, akasimama mlangoni mwa karakana bila kuingia.

"Baba, ni seli. Mwalimu amesema miradi ni ya seli ya mmea na ya mnyama."

Huyo mwalimu wake ni msichana mdogo, mwembamba, anavaa viatu vya raba. Simwoni kosa. Aliomba hadubini mara nne akanyimwa, isije ikavunjika. Basi akaamua kufundisha bila hiyo. Aliwatoa watoto uwanjani, ishirini wakashikana mikono mduara: nyie ni utando wa seli. Mmoja akawekwa katikati na filimbi, kiini, anayetoa amri. Wengine wakawa wanataka kuingia, na utando unaruhusu mwenye sukari na maji, unazuia mwenye takataka. Kisha akawapanga wengine nyuma ya utando, wamesimama wima kama askari, mikono kifuani: huo ni ukuta, mmea unao, mnyama hana. Kifungo alinisimulia yote hayo huku anakula, kijiko kikiwa kiini.

Halafu mwalimu akawaambia kila mmoja alete seli iliyotengenezwa kwa kazi inayofanywa kwao. Mtoto wa fundi baiskeli alileta tyubu iliyojaa grisi, na gololi za chuma ndani yake. Binti wa muuza nyanya alikata nyanya akachomeka vijiti vyenye majina. Mtoto wa mwashi alijenga seli ya mmea kwa matofali na saruji, ikabebwa na watu watatu, ikavunja meza. Ndipo Kifungo akaja kwangu.

"Sisi tuna sponji," akasema. "Hakuna kitu kinachofanana na seli kama sponji, baba. Seli ya mnyama iwe mto. Laini, ukiubonyeza unabonyea. Seli ya mmea iwe mto huohuo ndani ya fremu ya mbao. Fremu ndiyo ukuta. Mtu akiona tu, ameelewa kwa nini mti unasimama na mimi nabonyea."

Dada yangu, shangazi yake, alikuwa amekaa kwenye kochi la mteja kama kawaida yake. "Na shangazi yako je? Mimi nina ukuta?"

"Wewe shangazi una sponji nyingi tu."

"Mshenzi wewe! Kaka, unamsikia mwanao?"

Tulicheka, sote watatu. Mara ya kwanza tangu msiba.

Tulifanya kazi siku tisa, kila alipotoka shule. Alinichorea kwenye karatasi ya kaki, nami nikakata. Ndani ya sponji nilichonga vyumba vidogo kwa kisu chembamba. Kiini tuliweka mpira wa tenisi uliofungwa kitambaa chekundu. Mitokondria, ambazo ndizo zinazotoa nguvu, tulizishona kama vimito vidogo vya maharage, na ndani yake zikapita nyuzi za kujikunjakunja, kwa sababu alisema ndivyo zilivyo na hakutaka njia ya mkato. Kwenye ile ya mmea niliweka mfuko mkubwa wa nailoni wenye maji, vakuoli, na vifungo vya kijani kibichi kumi na sita, ambavyo ndivyo vinavyopika chakula cha mmea kwa jua. Fremu niliiunga kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Ilikuwa kama kigoda kizuri. Nilimwuliza kila kitu, na kila kitu alinijibu, na mara nyingine nilijifanya sijaelewa ili anieleze tena.

Kikabaki kitambaa cha kufunika ile ya mnyama. Nilimwonyesha vipande vyangu vyote vya wateja. Akavikataa.

"Nataka gauni la mama."

Nilijua ni lipi. La bluu lenye madoa meupe, alilokuwa akivaa kila siku ya hospitali kwa sababu lilikuwa pana begani na halikumwumiza kwapa. Lilikuwa limekunjwa chini ya nguo zangu.

"Hapana," nikasema.

"Utando ni kitu chembamba, baba. Unapitisha na kuzuia. Lile limechakaa vizuri, ukilishika unaona mwanga. Vitambaa vyako vyote ni vya makochi, ni ukuta mtupu."

"Nimesema hapana."

Hakubishana. Akakaa akitunga uzi kwenye sindano, akautoa, akautunga tena. Kesho yake nililitoa mwenyewe nikaliweka mezani, nikatoka nje nikajifanya nasaga kisu. Niliporudi alikuwa amelikata. Amelikata vizuri, kwa kufuata uzi.

Sasa nieleze kosa langu, maana lipo, na sitaki mtu aseme nimelificha. Siku moja kabla ya maonyesho Kifungo alikwenda shule kufanya mazoezi ya kueleza. Aliniachia maagizo: "Baba, pembeni kote shona, ila juu acha. Mimi nitaweka vibano vya kubana, niwe nafungua na kufunga." Nikasema sawa. Nikakaa na sindano yangu ya kupinda, nikashona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono ukaendelea. Fundi aliyenifundisha alikuwa ananipiga rula vidoleni akiona sponji imechungulia. Kwetu sisi kazi yenye utumbo nje haijatoka mkononi mwa fundi. Nikafunga pande zote nne kwa mshono wa kuficha, ule ambao uzi wake hauonekani hata ukitafuta kwa kidole, nikaweka na kamba ya ukingo kuzunguka. Nikaigeuza, nikaipiga kofi, nikaridhika. Na ile ya mmea vilevile, nikaifunika kwa kitambaa cha kijani, nikapiga stepla chini. Sikumbuki kuwaza. Nakumbuka tu kwamba nilijisikia vizuri, na kwamba nilikuwa napiga mluzi.

Kifungo aliigeuzageuza asubuhi, akitafuta mlango.

"Baba. Umefunga."

Nikatazama. Kweli nimefunga. Ulikuwa mto mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, na ulikuwa mto tu.

"Niletee wembe, nifumue."

"Ukifumua sasa kitambaa kitachanika vibaya, kimechakaa. Na gari la shule linaondoka saa mbili." Akafikiri. Akachukua wembe akaufunga kwenye karatasi, akautia mfukoni. "Basi nitaupasua mbele ya waamuzi. Kama operesheni. Itakuwa nzuri zaidi, wataona kwa nje, halafu wataona kwa ndani."

Aliniambia hivyo ili nisijisikie vibaya. Mama yake alikuwa hivyohivyo.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, shule sita pamoja, na wenyeji walikuwa shule yetu. Meza za miradi zilipangwa ukutani. Mbele palikuwa na jukwaa lenye viti vya plastiki na kimoja kikubwa cha mbao cha mgeni rasmi. Sisi wazazi tuliwekwa nyuma, tumetenganishwa na wengine kwa kamba. Hadubini ya mkuu ilikuwa hapo, juu ya kitambaa chake cheupe, na kijikaratasi: USIGUSE.

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Aliposikika anakuja, wanafunzi wote waliamriwa watoke nje wakajipange kuimba, na Kifungo akaacha meza yake. Ndipo mkuu wa shule alipoanza kukagua jukwaa. Alikibonyeza kile kiti cha mbao kwa kiganja, kikamwumiza kiganja, akatazama huku na huku. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mwanangu. Akauinua ule mto wa bluu, akaubonyeza, akaafiki kwa kichwa, akaupeleka kitini. Akarudi akabeba na kile kigoda cha kijani, akakiweka kando ya kiti, akapanga juu yake chupa ya maji na glasi.

Mimi nilikuwa naona. Nilikuwa hatua kumi na tano. Na mnajua nilifanya nini? Nilivimba kichwa. Nilimgusa mzazi wa pembeni, baba wa yule wa tyubu, nikamwambia, "Unaona ule mto? Mkono wangu ule." Kazi yangu, kati ya vitu vyote vya ukumbi ule, imechaguliwa ikaliwe na mkubwa. Miaka thelathini na moja mtu anazoea kufurahia kukaliwa.

Mgeni akaingia, akakaa. Alikuwa mtu mzito, wa suti. Akatulia, akajinyoosha, nikaona uso wake umelegea kwa raha. Hotuba ya kwanza. Hotuba ya pili. Watoto wakarudi kwenye meza zao, na Kifungo akafika kwake akakuta meza tupu, imebaki karatasi yenye jina lake. Nilimwona akichungulia chini ya meza. Nilimwona akimwuliza jirani yake. Halafu akainua macho kwenye jukwaa akaona gauni la mama yake.

Hakulia. Alinitafuta mimi kwa macho, nyuma kule.

Waamuzi walikuwa watatu, na fomu zao kwenye ubao wa kubania, wanakwenda meza kwa meza huku hotuba zinaendelea, maana muda ulikuwa umekwisha. Walifika kwake. Mwanamke mmoja, wa miwani yenye mnyororo, akauliza kitu. Kifungo akanyoosha kidole jukwaani. Mwamuzi mwingine akacheka, akadhani ni utani, akaandika, akasogea. Mwalimu wa biolojia alikimbia kwa viatu vyake vya raba mpaka ngazi za jukwaa, mkuu akamtolea macho, naye akaishia hapo. Sikumlaumu. Ana kazi anaitegemea.

Na mimi nilikuwa nimesimama na kofia mkononi. Sikumbuki niliivua lini. Niliiangalia ile kofia, nikaiona korido yote ya hospitali.

Nikapita chini ya kamba.

"Mzee, rudi nyuma," askari wa mlangoni akasema.

"Narudi sasa hivi."

"Mzee!"

Nikapanda ngazi. Mkuu akaja mbio kwa tabasamu la kuonyesha wageni, ananong'ona kwa meno: "Unafanya nini wewe? Shuka. Shuka upesi." Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza ameshika kipaza sauti, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Nikasema, wala sikupaza, lakini ukumbi mzima ulisikia:

"Mheshimiwa, samahani. Umekalia seli ya mwanangu."

Mahali fulani mtoto mmoja akaguna, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Nimekalia nini?" mgeni akauliza.

"Seli, mheshimiwa. Ya mnyama. Na maji yako yapo juu ya ile ya mmea."

Akatazama chini katikati ya magoti yake, akatazama chupa. Akacheka naye, kile kicheko cha wakubwa cha kuonyesha kwamba hawana makuu. "Ndiyo maana nikaona kiti kinanipenda!" Watu wakazidi. Akainuka, mkuu akaunyakua mto akanisukumizia kifuani kama takataka, na maji yakamwagika. Mgeni akaendelea na hotuba yake. Ilikuwa inahusu umuhimu wa sayansi kwa vitendo.

Niliubeba ukiwa bado na joto la mtu yule. Kifungo alikuwa anawafuata waamuzi. Walikuwa wameshamaliza meza ya mwisho.

"Mama, mradi wangu huu hapa," akamwambia yule wa miwani. "Naomba dakika tano."

"Binti, fomu zimeshasainiwa. Kwako tumeandika haukuwasilishwa."

"Dakika tatu."

Mwanamke yule alitazama wenzake, ambao walikuwa wanaelekea kwenye soda. "Nionyeshe," akasema, "lakini siwezi kubadilisha kitu. Uelewe hivyo."

"Naelewa."

Akaulaza mto mezani, akatoa wembe kwenye karatasi, akapasua. Si kwenye mshono. Alipasua katikati, juu ya madoa meupe. Watoto wa shule nyingine wakaanza kusogea, na wa kwetu, wakatuzunguka. Akaufungua kama kitabu.

Vyote ndani vilikuwa vimelala. Vyumba nilivyochonga vilikuwa vimebomoka. Sponji yangu ni nzuri, hurudi, lakini sponji iliyotobolewa namna ile na kukaliwa muda wote ule na mtu wa kilo zile hairudi. Mitokondria zilikuwa zimepasuka, maharage yamemwagika kila mahali. Ni kiini tu kilichobaki duara, kwa kuwa kilikuwa mpira.

"Hii imekufa," mtoto mmoja akasema, na wengine wakacheka kidogo.

"Imekandamizwa," Kifungo akajibu. "Utando wa mnyama hauna ukuta wa kuuzuia. Kinachokuja juu yake kinaingia mpaka ndani." Akamwinamia yule mama wa miwani. "Hiki ni kiini. Hapa zilikuwa mitokondria, tisa, unaona nyuzi zake? Na ile ya kijani pale jukwaani ina ukuta. Ikiletwa utaona haijabonyea popote."

Tuliiomba, ikaletwa, glasi imeondolewa. Nikang'oa stepla kwa bisibisi. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, mfuko wa maji umejaa, vifungo kumi na sita vya kijani vinang'aa. Watoto walikuwa wanasukumana kuona. Mmoja aliingiza kidole kwenye ile ya mnyama, kisha akaigonga fremu ya ile ya mmea, akasema, "Aaah," ile aah ya mtu aliyeelewa.

Yule mama alivua miwani. "Ningekupa alama za juu kuliko wote," akasema. "Nakuambia kwa sababu ni kweli." Akafunga ubao wake akaenda. Mpaka leo sijui kama alimfanyia wema au alimwumiza zaidi. Angeweza kufuta mstari mmoja. Kalamu alikuwa nayo.

Wiki ya pili majina yakatoka. Kwa shule yetu alichaguliwa yule wa nyanya. Ni mtoto mzuri, simsemi. Na mimi nikaitwa ofisini.

Mkuu alinikalisha kwenye kiti cha wageni. Kilikuwa kimekufa sponji kabisa, nilihisi mbao. Akaniambia nimeitia shule aibu, kwamba mgeni yule ndiye angeleta mabati ya bweni, na kwamba natakiwa kuandika barua ya kuomba radhi.

"Mwanangu angechaguliwa," nikasema.

"Mradi wa mwanao ulikuwa mto, mzee. Mimi ningejuaje? Kila mtu aliona mto. Wewe mwenyewe uliona nauchukua, baba wa yule wa baiskeli ameniambia ulikuwa unajisifu. Kwa nini hukusema?"

Hapo alinipata, na alijua. Kwenye kabati nyuma yake, kupitia kioo cha mlango, nililiona boksi, na kitambaa cheupe kimekunjwa juu yake.

"Na hiyo hadubini," nikauliza, "humo ndani ya boksi huwa inaangalia nini?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Sisi wengine hatujasoma."

Barua sikuandika. Akasema basi Kifungo asitegemee kupendekezwa kwa nafasi nyingine yoyote akiwa hapo. Alisema kwa upole, huku anachezea ufunguo. Ndivyo wanavyosema hao siku zote, kwa upole. Niliinuka, nikavaa kofia yangu nikiwa bado ndani ya ofisi yake, nikatoka. Ni kitu kidogo. Hakikumsaidia mtu.

Nyumbani nilimkuta Kifungo karakanani, amefungua ule mto mapajani, anaokota maharage yaliyomwagika na kuyarudisha kwenye vimito kimoja kimoja. Shangazi yake alikuwa amekaa kwenye kochi.

"Amesemaje?" Kifungo akauliza.

Nikamwambia. Lote, na la kujisifu kwangu nikalitia. Alisikiliza huku anatunga uzi.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa unacheka na yule baba. Nilikuona nikiwa mlangoni, natoka kwenda kuimba, mkuu alikuwa ameushika. Nikadhani anauangalia tu."

"Nisamehe, mwanangu."

Alichomeka kimito cha tisa mahali pake. "Mwalimu anautaka," akasema. "Anataka ubaki darasani, na ule wa mmea. Kuna darasa linakuja mwakani, nalo halitashika hadubini."

"Na wewe?"

"Mimi nipo tu. Nitakwenda wapi?"

Shangazi yake alisimama akatoka nje, akajifanya anaita kuku, na kuku hatuna.

Nilichukua sponji mpya, kipande kigumu nilichokuwa nimemwekea mteja, nikaanza kuchonga vyumba upya. Gauni lilikuwa limepasuka katikati, na nilikuwa nimeshatoa sindano ya kupinda niliunge kwa mshono wa kuficha, isionekane kama liliwahi kuguswa. Ningeweza. Kifungo akanishika mkono.

"Hapo weka zipu, baba."

Nikatafuta kwenye boksi. Zipu niliyopata ilikuwa ya godoro, nyeusi, ya meno makubwa, mbaya kwenye bluu ile. Nikaishona palepale alipopasua, kutoka ukingo hadi ukingo. Ilionekana kama kovu la operesheni. Akaijaribu: akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, na akaiacha wazi.